Kuku Anayeatamia Hakimbii

Kuku anayeatamia hakimbii. Kicheche analijua hilo, mwewe analijua, na mtoto yeyote aliyekulia Masama analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Ukimkaribia atavimbisha manyoya, atakoroma, atakudonoa mkono, lakini mayai hatayaacha. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake hamkamati. Si kwamba ni vigumu. Ni rahisi mno, na urahisi wa namna hiyo una aibu yake.

Mdogo wangu wa kiume hana aibu hiyo. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie ningoje ipoe. Krismasi imepita, mvua za masika zimeanza, migomba imenyanyuka tena, na hasira yangu iko palepale.

Nilifundisha sekondari mjini Moshi kwa miaka mingi, nikipanga vyumba viwili katika mtaa wa Soweto. Sikuolewa, na wanaonisikitikia kwa hilo wamekwishachoka wenyewe. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake juu huku mlimani kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa, na kaburi bichi upande wa nyuma. Tumezaliwa wawili tu, mimi na huyo mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Sikuwa na neno juu ya hilo. Lakini matanga hayajaanuliwa, alinivuta pembeni, akanishika mikono yote miwili.

"Dada, nakuomba panda ukae na mama. Mimi kazi hainiruhusu. Pale ni nyumbani kwako, fanya unachotaka."

Nilikuwa nakaribia kustaafu. Nikapanda, nikafanya nilichotaka.

Nilichotaka kilikuwa kuku. Nilimkuta jogoo mmoja mzee wa mama, mkali kwa watoto na mwoga kwa paka, pamoja na tembe wawili wasio na mbele wala nyuma. Nikaongeza kishingo kutoka kwa mama mmoja tunayeimba naye kwaya, yule kuku mwenye shingo tupu ambaye wageni humwonea huruma wakidhani anaumwa. Nikaongeza bata. Nikaongeza mbuzi wa maziwa, kisha sungura, ambao walinishinda nikawagawa. Banda nilijenga mwenyewe na fundi wa jirani, kwa mabanzi na bati kuukuu, pale uwanjani upande wa jua la asubuhi.

Watu walicheka. Mwalimu amestaafu, anacheza na kuku. Mdogo wangu alipopiga simu alikuwa akiuliza, "Dada, hobi yako inaendeleaje?" Mwanzoni nilicheka naye. Baadaye neno hilo likaanza kunikera kama punje ya mchanga kwenye wali. Hobi ni kitu unachokiacha ukichoka. Nani atamwambia mbuzi mwenye chuchu zilizojaa kwamba leo mwalimu amechoka? Nani atamwambia mwewe aje kesho? Mimi huwafungulia kuku alfajiri, nao hutawanyika chini ya migomba wakichakura, na tangu hapo mpaka jioni sikio langu moja liko nje. Jogoo akitoa ule mlio wake mrefu wa chini, najua kuna kivuli angani, natoka na mwiko mkononi. Pumba nafuata Chekereni, kwenye mashine za mpunga, narudi nayo mwili mzima ukiwasha. Kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, ikisikika vijiji vya chini, nakamata kuku mmoja mmoja wakati wamelala, namtilia tone la chanjo jichoni, naye ananikwaruza kama shukrani. Hiyo ndiyo hobi yangu.

Sasa nitawaambia kuhusu watu wa Dar na kuku wa kienyeji. Wanampenda. Wanamsifia simu nzima: nyama yake ngumu, supu yake nzito, hana dawa. Wanataka kuku aliyekimbia maisha yake yote, ila wao wasikimbie hata hatua moja.

Desemba ilipofika, ukoo ukapanda mlima kama kawaida yetu. Huku kwetu usiporudi Krismasi, watu huuliza kama umefungwa au umekufa. Mdogo wangu alikuja na gari kubwa na marafiki wawili wa kazini ambao hawajawahi kuona kahawa mtini. Alilisogeza gari mpaka likagusa ukuta wa banda, akashuka, akalitazama banda badala ya kunitazama mimi.

"Shikamoo dada. Hiki kibanda kinabana kweli."

"Marahaba. Hakijakubana wewe, kimebana gari."

Akacheka. Ni mtu wa kucheka, mdogo wangu. Kama angekuwa mtu wa kununa, nisingepata shida kumchukia wiki ile.

Wakati huo nilikuwa na mitetea watatu wanaoatamia: kishingo, mweusi mmoja mkubwa, na yule wa madoadoa aliyekuwa akiatamia kwa mara ya kwanza, ambaye alikaa kwa uangalifu utadhani amekalia kioo. Niliwaweka ndani ya banda, kila mmoja kwenye kikapu chake, majani makavu ya mgomba chini na majivu kidogo ya kuzuia utitiri. Usiku niliyamulika mayai kwa tochi, nikatupa viza, nikabaki na yale yenye uhai. Jumapili ile ya mwisho kabla ya Krismasi niliwapa maji asubuhi na mapema, nikasikia sauti ndogo chini ya kishingo. Vifaranga vilikuwa vimeanza kudonoa ganda. Nikamwambia mama, mama akasema, "Basi leo tusichelewe kurudi." Tukaenda kanisani. Mdogo wangu na wageni wake walisema safari imewachosha, wataabudu wakiwa kitandani.

Tuliporudi, nilisikia harufu kabla ya kufika getini: manyoya yaliyolowekwa kwenye maji ya moto. Mtu aliyefuga hawezi kuikosea harufu hiyo. Nilimwacha mama njiani na fimbo yake, nikakimbia nikiwa na gauni la kanisani.

Kuku wengine walikuwa wamejificha kwenye kahawa, hawataki hata kuitwa. Nyuma ya jikoni kulikuwa na beseni, na juu ya maji yake yalielea manyoya ya madoadoa. Nikaingia bandani. Vikapu vitatu vilikuwa wazi. Mayai yalikuwa baridi, baadhi yamevunjika, labda kwa purukushani. Nililiokota moja lenye tundu dogo upande, nikaliweka sikioni. Kilikuwa bado kinalia ndani.

Niliyafunga yote kwenye kitenge, nikayapeleka jikoni karibu na mafiga. Nilimjaribu bata ayaatamie, akayapiga teke. Kwa haraka nilimwaga maji ya moto nusu nzima nilipotaka kuyajaza kwenye chupa ya kuwapashia joto. Wakati huo wote, sebuleni, naisikia sauti ya vijiko kwenye mabakuli na mmoja wa wageni akisema supu hii mjini huipati.

Nilikwenda nikasimama mlangoni.

"Nani amewachinja kuku wangu?"

"Dada, usimaindi," mdogo wangu akasema. "Tumehangaika nao hao, we acha. Wengine ni kama wana pikipiki. Bahati tukawakuta hawa watatu ndani, wametulia wenyewe."

"Walikuwa wanaatamia!"

"Ndiyo maana hawakukimbia!" Akawageukia wenzake kama mtu aliyepata jibu la fumbo, nao wakacheka. Mmoja akamwambia mdogo wangu, "Si ni kuku wako, mangi? Kuku wako, manati ya nini!"

Msemo huo nimewafundisha wanafunzi mwenyewe, maana yake naijua. Kilicho chako hukitumii nguvu. Nikawaambia kwamba hao hawakuwa kuku wake. Nikasema kwa sauti ambayo sijaitumia tangu niache kusimamia zamu za bweni. Nikasema kuna vifaranga vinakufa jikoni wakati wao wanafyonza shingo ya mama yao. Mgeni mmoja aliweka kijiko chini. Mdogo wangu hakuweka.

"Dada, shusha sauti, kuna watu. Nitakununulia wengine kumi." Kisha akasema, polepole, bila hata kunitazama, kana kwamba ananielekeza njia: "Na hili la kuku wako, kuku wangu, tuliache. Wanakula wapi hao kuku? Mfugo unaokula kihamba ni wa kihamba. Na kihamba unajua ni cha nani."

Hapo ndipo nilipoelewa nimeishi wapi muda wote huo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Mimi kamba yangu ilikuwa ndefu kidogo tu, nikadhani sina.

Kilio cha mwisho ndani ya ganda kilikoma jioni ile, wakati mama akimenya ndizi za mtori. Hakuna hata kimoja kilichopona. Mama alisikia kimya kile kama nilivyokisikia mimi, akasema, "Ni kuku tu, mwanangu," na mimi nikamjibu vibaya, na nikatoka nje nikaenda kumkamua mbuzi aliyekuwa ameshakamuliwa.

Siku ya Krismasi walichinja mbuzi, wa kununuliwa mnadani, si wangu, Mungu awabariki kwa hilo. Wanaume walichinjia chini ya migomba, na baba mdogo, ndugu pekee wa baba aliyebaki, ndiye aliyegawa. Kila kipande kina mwenyewe: mguu huu wa nani, mbavu zile za nani, supu ya damu kwa nani kwanza. Mabinti wa ukoo tuna fungu letu nasi. Langu lililetwa juu ya jani la mgomba. Nililipokea kwa mikono miwili, nikasema "aika," asante kwa lugha yetu, kama inavyopasa. Kisha nikageuka nikamwekea mbwa.

Nafikiri hata mbwa alisita.

"Nyama ya ukoo unampa mbwa?" baba mdogo akauliza. Kisu kilikuwa bado mkononi. "Unamtukana nani, sisi au marehemu?"

"Naye anakula kihamba, baba mdogo," nikasema. "Ni wa kihamba."

Sijutii. Watu wameniambia nijute, mchungaji amenizungushia maneno, na mama wa kwaya alinishauri nikaombe radhi kwa baba mdogo. Nilikwenda kwa baba mdogo, nikamsalimia, tukanywa chai, na sikuomba radhi.

Asubuhi iliyofuata ile Krismasi nilikuwa nawafungulia kuku waliobaki. Mdogo wangu alikuja uwanjani na baba mdogo pembeni yake na mama nyuma yao. Amevaa vizuri. Mikononi ameshika jani la sale, limefungwa fundo.

Kwa asiyejua, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikujia na jani lake, unasamehe. Haijalishi amefanya nini. Wazee husema hata aliyemwaga damu ya mwanao, akikuletea sale, huwezi kumkatalia, na ukimkatalia, ubaya unahamia kwako. Nilikua nikiliheshimu jani hilo kuliko hati ya hakimu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulichuma kwa haraka, kabla ya kifungua kinywa, ili dada yake anyamaze.

Maana ndicho alichofanya. Hakusema, "Nilikosea kuwachinja." Hakusema, "Neno lile la kihamba nalirudisha." Alisema, "Dada, yaishe," akanyoosha jani. Baba mdogo ananitazama. Mama anaitazama ardhi. Nikalipokea. Ningefanya nini? Nikalipokea, nikasema yameisha.

Siku ya kuondoka, akiwa na mkono mmoja kwenye mlango wa gari, alilitazama banda tena.

"Dada, mwezi wa tatu nitamtuma fundi aje atoe hiki kibanda. Hapa patafaa sana kuegesha magari. Kuku utawabana huko nyuma, au wapunguze. Si ni hobi tu." Akatabasamu. "Tumeshapatana, eti?"

Huko nyuma ni mteremko na kivuli, kuku hawawezi kukaa. Alijua, au hakujua. Sijui lipi ni baya zaidi. Na mimi nimepokea sale, siwezi kufungua mdomo. Gari likashuka barabarani, wageni wakinipungia mikono, wanafurahi, wana ndizi na maparachichi yetu nyuma.

Nilichukua panga. Nilikwenda kwenye mstari wa masale ya mpakani, yale aliyoyapanda babu, nikakata mashina ya kutosha, nikayaburuta mpaka uwanjani. Sale hukatwa fimbo, ikachomekwa ardhini, ikaota. Palipo na mstari wa masale pana mpaka, na mtu wa huku hauvuki bila ruhusa wala hang'oi. Sijawahi kumwona mwanamke akipanda masale ya mpaka. Nilianza kuchimba nikilizunguka banda langu, karibu kabisa na mbao zake, jasho na machozi vinachanganyika, na kwa nini niseme uongo, nilikuwa natukana.

Sikumsikia mama akija. Nilishtuka kuona ncha ya fimbo yake kando ya shimo.

"Wanawake hatupandi masale," akasema.

"Najua, mama."

"Unajua, na unapanda."

"Yeye ameleta sale nikanyamaza. Na mimi nayaleta. Akitaka kuvuka, avuke."

Nilidhani ataniambia tena kwamba ni kuku tu. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa namna ambayo sikuifahamu, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni hasira, kwa sababu sikuwahi kuiona kwake.

"Mimi nimeletewa sale katika nyumba hii mpaka nimechoka kupokea," akasema. "Baba yako aliuza ng'ombe niliyepewa na mama yangu. Akaleta sale. Akamkatalia dada yangu asikae hapa alipoumwa. Akaleta sale. Nilikuwa nayaweka juu ya dari, yakikauka nawashia moto." Akaligonga shina nililolichomeka. "Umebana sana. Hapa hata kuku hawatageuka. Ng'oa."

"Nipeleke wapi?"

Akainua fimbo, akaelekeza kando ya uwanja, ikapita mti wa parachichi, ikaenda mpaka nyuma ya nyumba.

"Zungusha ufike kaburini kwa baba yako. Na ile nafasi yangu pembeni yake, iingie ndani."

Nikayang'oa niliyoyapanda, nikaanza upya. Siku nzima. Mashina yakiisha, mama ananionyesha ya kukata, na nikipinda mstari ananigombeza.

Mwezi wa tatu fundi alikuja na nyundo zake na kijana wa kumsaidia. Ni mtu wa huku huku, amebatizwa kwenye usharika wetu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na masale yalikuwa yametoa majani mapya, mafupi, ya kijani kinachong'aa. Alifika kwenye mstari, akasimama. Akautazama ulivyokwenda, akavua kofia. Akarudi barabarani kupiga simu, na punde si punde simu yangu ikaita.

"Dada, shikamoo. Fundi ananiambia kitu hapa sikielewi. Nani amepanda masale uwanjani kwangu?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyaandaa tangu Krismasi, nimeyapanga, nimeyanoa. Mama alinyoosha mkono akaichukua simu, akaishika mbali kidogo na sikio kama anavyofanya siku zote, kana kwamba inaweza kumuuma.

"Ni mimi," akasema. "Mama yako. Umesikia? Mimi."

Hakungoja jibu. Alinirudishia simu ikiwa bado inaongea, akaniuliza kama yule tembe mpya ameshaanza kuatamia, maana mchana ule hakumwona nje na wenzake.